Kisima Nilichokiita Kichaka

Nakumbuka siku moja iliyonijia kwa masikio kabla ya macho. Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya ramani, mgongo nimeupa mlango, nikasikia chuma kikigonga chuma huko ngazini. Keche, keche. Kisha kimya cha mtu anayevuta pumzi. Kisha keche, keche tena, karibu zaidi. Sikuinua kichwa, maana kila mtu katika jengo lile la Changamwe aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya vijiti kumi vya chuma ambavyo Mzee Shee alivitunga katika pete na kuvitundika kiunoni, vile ambavyo zamani mpimaji alichomeka kimoja ardhini kila mnyororo wa kupimia ulipofika mwisho. Mnyororo wenyewe tulikuwa tumeuacha siku nyingi, twapima kwa utepe wa chuma na kwa darubini, lakini mzee hakuviacha vijiti vyake. Alisema mtu aliyezoea kuhesabu kwa vidole hakati vidole eti kwa kuwa ameletewa karatasi.

Mzee Shee alikuwa mshika mnyororo. Mwanangu, usiidharau kazi hiyo kwa jina lake. Mpimaji ndiye anayetia sahihi, lakini mshika mnyororo ndiye anayekanyaga. Ndiye anayefyeka njia, ndiye anayeshika ncha ya utepe katikati ya miba, ndiye anayekumbuka jiwe la mpaka lilizikwa wapi wakati nyasi zimekwisha kulifunika. Alikuwa mzaliwa wa Jomvu Kuu, na aliianza kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Wapimaji kadhaa waliompa amri ni yeye aliyewafundisha kusimama sawasawa nyuma ya darubini.

Mimi nilikuwa binti wa Mishomoroni, sijatimiza miaka ishirini na mitano. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na nilipomwambia kwamba nataka kusomea uchoraji wa ramani, aliinua mguu kwenye kanyagio akaniuliza, "Kwani nani amepotea?" Alicheka, lakini karo alilipa. Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni nikaajiriwa na mpimaji mmoja, Bwana Salim, aliyekuwa na ofisi yake mwenyewe. Nilichora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi angavu, mkono umetulia kama wa mshona kofia. Tone likidondoka pasipo mahali pake, nalikwangua kwa wembe, taratibu, nikipuliza vumbi lake. Ramani moja ilinichukua mwezi. Nilipoimaliza niliiona nzuri kuliko kanga ya sikukuu.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kompyuta ikaja.

Ililetwa kwa pikapu, imefunikwa blanketi kama bibi harusi anayefichwa jua. Ilipewa chumba chenye kiyoyozi, na Bwana Salim mwenyewe ofisini mwake alikuwa na feni tu. Pamoja nayo ilikuja meza pana, na kipanya chenye kioo kilichochorwa msalaba mwembamba kama unywele. Walaza ramani ya zamani juu ya meza, wafuata mstari wake kwa ule msalaba, wabonyeza, wabonyeza, na mstari unazaliwa upya kwenye kioo cha kompyuta, safi, hauna wino wa kudondoka. Wallahi mwanangu, nimezeeka na sijaacha kustaajabu. Wengine ofisini waliiogopa mashine ile. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza, na ndani ya miezi mitatu nilikuwa naiendesha peke yangu. Kipya kinyemi.

Zilikuwapo pia picha zilizopigwa kutoka ndegeni. Ukiziweka mbili pacha, ukazitazama kwa kifaa chake chenye vioo viwili, jicho moja kwa kila picha, mara ardhi yainuka. Paa zasimama, minazi yachomoza, bonde lazama. Nilipoitazama Jomvu Kuu namna hiyo kwa mara ya kwanza, na mkono wa bahari ukiingia kimyakimya baina ya mikoko, nilisahau kupumua. Nilijihisi nimepewa jicho la ndege. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza, mwanangu, maana ndege haulizi njia.

Kazi ilikuwa hii. Familia kadhaa za Jomvu Kuu, ambazo ardhi zao zilirithiwa kwa midomo tangu mababu, zilitaka kupimiwa ili zipate hatimiliki. Miongoni mwao alikuwa Hamisi, mtoto wa marehemu Mzee Mbwana, aliyetaka kuuza urithi wake kwa mfanyabiashara mmoja wa maghala. Bwana Salim alikuwa na kazi Malindi kwa majuma mawili, akaniachia mimi ramani hiyo. Mimi, mwanamke, tena mdogo kuliko wote! Usiku huo mama yangu alichoma ubani.

Desturi yetu ilikuwa kwamba kabla ya kuchora, wenye ardhi, majirani zao na wazee wauzungukie mpaka kwa miguu. Mmoja ataja, mwengine akubali, Mzee Shee achomeka kijiti. Lakini masika yalikuwa yamekolea, njia za Jomvu zimekuwa uji, nami nilikuwa na picha zangu. Mzee Shee alikuja kuniuliza tutazunguka lini.

"Hatuna haja, Mzee. Picha hizi zaona kila kitu."

"Zaona," akasema. "Zasikia?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mzee anayeogopa kuachwa nyuma. Usiache mbachao kwa msala upitao, wamesema wenye lugha yao, na mimi niliuacha wangu mchana kweupe.

Basi, Alhamisi ile niliyosikia keche, keche ngazini, ramani ilikuwa imekamilika. Nilikuwa nimeibandika ukutani, nyeusi juu ya nyeupe, nzuri mno. Bwana Salim angerudi kesho yake, na mnunuzi, yule wa maghala, angekuja ofisini kushuhudia ikitiwa sahihi. Mzee Shee aliingia, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi sikioni, akasogea ukutani. Alitazama kitambo kirefu. Kisha akaweka kidole kwenye pembe moja.

"Hapa umekanyaga?"

"Hapana, Mzee."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Na mstari huu wautoa wapi?"

"Ni safu ya minazi, Mzee. Kutoka juu imenyooka kama rula. Ndiyo mpaka wa Hamisi na jirani yake. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Minazi ni ya nani?"

"Ya Hamisi. Baba yake ndiye aliyeipanda. Nilimpigia Hamisi simu, akathibitisha."

Akanigeukia. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Mishomoroni. Wajua, Mzee."

"Mishomoroni hii ya kwetu, au kuna nyengine Ulaya?"

Vijana wa ofisini walicheka hadi kalamu zikawaanguka. Uso ulinichoma moto. Mzee Shee hakucheka. Aliivua miwani yake, akasema, "Kesho asubuhi ndoo twende Jomvu. Uvae viatu usivyovipenda. Na ramani yako uje nayo."

Nilikwenda kwa hasira, nimeibeba ramani ndani ya bomba la plastiki kama upanga. Tuliteremka vijia vya Jomvu Kuu, matope yakinivua kiatu kila hatua kumi, na Mzee Shee mbele yangu akipiga hodi kila ua, akisalimia, akiulizwa hali za watu nisiowajua. Hatimaye tukafika kwa Bi Mwanasha. Alikuwa mjane, ameishi katika nyumba ile tangu alipoolewa, na yeye ndiye jirani aliyepakana na Hamisi. Alikuwa akifagia uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Shee, huyu ni nani umeniletea?"

"Ndiye aliyekuchora kwenye ramani."

"Ala!" akasema Bi Mwanasha, akauweka ufagio kando. "Kumbe ndiwe uliyepita nyumbani kwangu bila hodi."

Tuliitandaza ramani barazani, pembe zake tukazikandamiza kwa nazi. Akauliza shamba lake liko wapi, nikamwonyesha. Akauliza kile kidoa cheusi upande wa pili wa mstari ni nini, nikasoma nilivyoandika kwa mkono wangu.

"Kichaka, bibi."

Bi Mwanasha alichukua kata, akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata. Tulipita safu ya minazi, ile iliyonyooka kama rula. Tulipita chini ya mikanju yenye majani mazito, ambayo jicho la ndege lisingeipenya. Akasimama penye duara la mawe ya matumbawe, lililomea nyasi pembezoni, akashusha ndoo, akavuta, akaijaza kata.

"Kunywa," akaniambia. "Kunywa maji ya kichaka."

Nikanywa. Yalikuwa baridi, matamu, na kila funda lilinishuka kama jiwe. Nilipoinua uso nikaona, hatua chache kutoka kisimani, makaburi manne yaliyozungushiwa mawe madogo meupe.

"Huyu ni mume wangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayekutambulisha kwa watu wa nyumbani. "Yule ni baba yake. Na hawa wawili ni wanangu, walikufa wachanga."

Mzee Shee alikuwa ametangulia mbele, panga mkononi. Alikata magugu, akayasukuma kwa mguu, na nyuma yake kukatokea ua wa minyaa, mkongwe, umepinda, umezama katika kichaka cha kweli. Hatua arobaini kutoka kwenye minazi yangu. "Mpaka ni huu," alisema.

Mwanangu, wewe umekulia mjini, nikueleze. Hapa kwetu pwani mti ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya mwenyewe, na hao wawili si lazima wawe mtu mmoja. Shamba la Mzee Mbwana lilikuwa na mawe. Mume wa Bi Mwanasha akamwambia: panda kwangu, mti wako, ardhi yangu. Hawakuandikiana. Kila Mbwana alipoangua, nazi za mwanzo zilipelekwa kwa mwenye ardhi, mpaka alipokufa.

"Na Hamisi hajui?" nikauliza.

"Ajulie wapi? Hamisi amelelewa Changamwe, nyumba za bandari. Huku alikuja kunywa madafu." Bi Mwanasha akacheka kidogo, kisha cheko likamwishia mdomoni. "Lakini nambie, mwanangu. Ghala likijengwa hapa, nikitaka kumzuru mume wangu, nitaomba ruhusa kwa mlinzi wa getini?"

Nilitazama chini, nikaona matope yamenifika magotini.

Tulipokuwa tukipanda njia ya kurudi, Mzee Shee alinikemea. Hakupaza sauti. "Kompyuta yako siilaumu," alisema. "Nayo ni nzuri, nami namshukuru Mungu nimeiona kabla sijafa. Mtu wa bara angelichora hivi, tungelimwelewa, hana habari ya minazi yetu. Lakini wewe? Bibi yako hana minazi katika ardhi ya mtu?"

Alikuwa nayo. Mitatu, huko huko kwetu Kisauni, katika shamba la jirani. Nilikuwa nikitumwa kuikusanyia nazi.

"Basi hukukosa kujua," akasema. "Ulijua. Ulikiacha unachokijua chini ya ngazi, ukapanda juu bila nacho."

Tulifika ofisini saa nne. Bwana Salim alikuwa amerejea, na mbele ya meza yake ameketi mnunuzi, bwana nadhifu aliyenukia udi, miguu ameikunja. Nakala ya ramani niliyoiacha mezani ilikuwa mbele yao. Bwana Salim ameifungua kalamu, na anacheka kwa furaha.

"Huyu ndiye binti niliyekwambia," akamwambia mgeni. "Ameifanya peke yake."

Mwanangu, nikwambie ukweli uliokuwa moyoni. Nilitaka kunyamaza. Nilifikiri, nikisema, sitaaminiwa tena hata kwa kazi ya kuchora choo. Nilifikiri, watasema mwanamke na mashine wapi na wapi. Nilifikiri pia, na huu ndio uongo mtamu kuliko wote, kwamba nitarekebisha baadaye. Lakini hatimiliki ikishatolewa hairudi kama karatasi, hurudi kwa mahakama na machozi. Na ladha ya maji yale ilikuwa bado ulimini mwangu.

"Bwana Salim," nikasema, "usitie sahihi. Mpaka si huo. Nimekosea mimi."

Mnunuzi alitabasamu. "Binti, mimi nimeambiwa mashine hii haikosei."

"Haikukosea, bwana. Imechora nilichoiambia."

Bwana Salim alinitazama juu ya miwani yake. "Umekosea kiasi gani?"

"Hatua arobaini, kwa urefu wa shamba zima. Ndani yake mna makaburi manne na kisima."

"Umekiona kisima kwa macho yako?"

"Nimekunywa maji yake."

Akatazama matope kwenye sketi yangu. Kisha akamtazama Mzee Shee aliyesimama kizingitini, naye akatikisa kichwa mara moja kukubali. Mnunuzi aliikunjua miguu yake. "Lakini ramani imekwisha chorwa, bwana. Nani atakwenda Jomvu na masika haya kutazama?"

"Mimi," akasema Bwana Salim, akaifunika kalamu.

Juma lililofuata tuliuzungukia mpaka wote pamoja, Hamisi naye suruali ameipandisha magotini. Alipofika penye makaburi alisimama, akavua kofia, akasema "Sikujua," nami nilimwamini, ingawa mimi mwenyewe sikuwa na haki ya kulisema neno hilo. Mnunuzi aliununua urithi wa Hamisi kama ulivyo, hadi kwenye minyaa, wala si hatua moja zaidi. Minazi ilibaki ya Hamisi, ardhi ikabaki ya Bi Mwanasha, na kwenye ramani mpya niliviandika vyote viwili. Kile kidoa nilikiandika jina lake la kweli, kisima. Nami nikahukumiwa miezi sita ya kufuatana na Mzee Shee maporini, kushika ncha ya utepe.

Nilidhani ni adhabu. Ilikuwa ndiyo chuo chenyewe. Yule mzee alijua kupima mwinamo wa ardhi kwa kutazama maji ya mvua yanavyokwenda. Alijua kumsikiliza mtu anayesema "mpaka wangu uko pale" na kutambua kama anakumbuka au anatamani. Alipostaafu, tulikuwa tumepata kifaa cha kwanza cha kupokea ishara za setilaiti, na tulikaa naye kando ya barabara ya Miritini tukingoja kipate kuhesabu mahali tulipo. "Wasema nini huko juu?" alikuwa akiniuliza kila baada ya dakika mbili, macho yakimng'aa. Hesabu ilipotoka alipiga makofi, kisha akaomba kukishika yeye. Na mimi, wasichana niliokuja kuwafundisha baadaye, kila mmoja nilimtuma Jomvu kwanza, kabla hajagusa kipanya. Leo yuko anayechora mabomba ya maji, yuko wa barabara, yuko aliyenipita kwa elimu hadi siielewi kazi yake, nami najivunia hivyo hivyo nisivyoielewa.

Basi mwanangu, unayeingia katika kazi hii wakati vyombo vyake vimekuwa vya ajabu kuliko ndoto zetu, nisikilize. Vipende vyombo vyako, ujifunze hadi ufike mwisho wake, usiwaachie wengine uhodari huo. Lakini kila mstari unaouchora una mtu upande huu na mtu upande ule. Wapigie hodi kwanza. Ulichokijua nyumbani kwenu kabla hujasoma, usikivue mlangoni kama kiatu, maana ndicho ambacho mashine haiwezi kuletewa na mtu mwengine. Na ukikosea, kwani utakosea, sema kabla wino haujakauka. Aibu ya asubuhi moja huisha kabla ya adhuhuri. Dhuluma iliyopigwa mhuri hurithiwa.

Dua nitakayokupa si yangu, ni niliyopewa. Ijumaa ile, baada ya mnunuzi kwenda zake na Bwana Salim kuanza kuzipekua picha upya, nilibaki nimesimama katikati ya ofisi, nanuka tope, nasubiri kufukuzwa kazi. Adhana ilikuwa karibu. Mzee Shee alinijia, akaniwekea mkono kichwani kama anayenituliza homa, akasema, "Mungu akupe macho ya kuona kutoka juu, binti yangu, wala asikunyime nyayo za kukanyaga chini. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Akuzidishie watu wa kukuita kando na kukukosoa. Amin."

"Amin," nikasema. Nami nakwambia wewe, amin.

Kisha akasema msikitini hawamngoji mtu, akaiweka kofia yake sawa, akatoka, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.